Karunguyeye Mwandishi na Kiboko wa Nakili-Bandika

Nyie! Nani hapa ataniita mwongo? Anyooshe mkono. Wewe mwenye koti? Vizuri, shusha, umeshaonekana. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kwa kusimulia hakuna wa kunifikia kuanzia hapa mpaka ng'ambo ya mto. Anayebisha abishe kwa sauti. Nikisema "Mnabisha?" nyie mseme "Tunabisha, lete!"

Mnabisha?

— Tunabisha, lete!

Basi walikuwako Karunguyeye na Kiboko. Karunguyeye mnamjua: mnyama wa kutosha kiganjani, mgongo miiba mitupu, miguu mifupi mpaka tumbo linafagia njia. Kazi yake ilikuwa kuandika blogu ya mambo ya teknolojia. Msicheke. Mnacheka nini, na simu zenyewe mnazitumia kama tochi?

Katika bonde lile mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya Kilima cha Mnara, na kileleni palikuwa na jiwe moja la kukalia. Kila alfajiri Karunguyeye alipanda, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, simu mdomoni. Akifika anasoma. Simu mpya imetoka? Anasoma. Programu imebadilishwa? Anasoma. Kuna tovuti ya masomo ya bure, kuna tovuti ya matapeli? Anazifungua zote mbili. Moja anaisifu, nyingine anaianika. Na kitu hakukiandika mpaka akijaribu mwenyewe siku tatu. Ndipo vidole vinaanza: tiki-tiki-tiki! Tiki-tiki-tiki! Anaandika Kiswahili ambacho hata Kobe anakielewa kabla chaji haijaisha.

Kiboko naye alikuwa na blogu. Kubwa! Jina lake juu, herufi za kukutoa macho. Na kazi yake? Mchana kutwa yumo majini, pua nje. Jua likipoa anajikokota kilimani, pwata-pwata, pwata-pwata, anafungua blogu ya Karunguyeye. Nakili, bandika, puu! Anafuta jina la Karunguyeye, anaweka lake. Nakili, bandika, puu! Anarudi majini. Siku tatu za mwenzake yeye anazimaliza kabla hajapiga miayo miwili. Mimi nikifika hapa natamani nimpige na kitu.

Sasa, Ijumaa ilikuwa siku ya kusomewa. Wengi bondeni wana kwato, na kwato hazibonyezi skrini, kwa hiyo walikusanyika lamboni na waandishi wakawasomea habari za wiki. Mkubwa wa mwili ndiye aliyeanza. Ndivyo walivyopanga, wakubwa wenyewe.

Kiboko akasimama, akanguruma habari zote. Makofi: kwa! kwa! kwa! Karunguyeye akasimama, akafungua mdomo.

"Hiyo tumeshaisikia!" wakamzomea. "Kaa chini, kasuku wee!"

Akarushiwa tope, pwaa! Tope la usoni.

Kiboko akamgeukia mwenyekiti wa baraza, Bi Korongo. "Bi Mwenyekiti, mnaona wenyewe. Kijidudu hiki kinaniibia kazi kila wiki. Kiondolewe kilimani, jiwe lile nibaki nalo peke yangu."

Bi Korongo akanyoosha shingo, akawatazama wote wawili. "Ijumaa ijayo tutajua mwandishi ni nani. Atakayeshindwa hatakanyaga tena Kilima cha Mnara."

Miiba ya Karunguyeye ikasimama tii. Bila kilima hakuna mtandao. Bila mtandao hakuna habari. Bila habari blogu imekufa, na yeye atabaki mdudu wa kukanyagwa njiani, aliyewahi kuitwa mwizi wa maneno yake mwenyewe.

Mnabisha?

— Tunabisha, lete!

Jioni ile alimfuata Kiboko ukingoni. Alikuwa na hasira, lakini adabu ni adabu.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Nani anaongea? Nasikia sauti, mtu simwoni."

"Niko hapa chini! Mzee, mbona unaniibia?"

"Nakuibia nini, kijana? Habari ni kama maji. Maji yana mwenyewe?"

"Maji hayaandikwi, mzee! Mimi ndiye niliyekesha na programu ile ikazima simu yangu mara nne!"

"Pole sana."

"Na ukinifukuza kilimani, utanakili kwa nani?"

Kiboko akafikiri. Kufikiri hajakuzoea, masikio yakacheza pipipi. "Nitapata mwingine. Wapumbavu wanaoamka alfajiri hawaishi."

"Wiki iliyopita niliandika mwishoni, 'Namshukuru mke wangu kwa uji.' Na wewe ukamshukuru mke wangu kwa uji! Mbele ya watu! Hata kusoma husomi?"

"Kusoma?" Kiboko akacheka, ho! ho! ho! maji yakaruka. "Nikianza kusoma, nitaandika saa ngapi?"

Akazama, bwii, ikabaki pua.

Karunguyeye akasimama pale pale. Hasira ikapoa kidogo, ikawa akili. *Kumbe hasomi.*

Alhamisi alfajiri akapanda kilimani, kwaru-kwaru. Tiki-tiki-tiki! Akaandika makala moja tu. Jioni Kiboko akaja, pwata-pwata. Nakili, bandika, puu!

Ijumaa ikafika. Lambo limejaa mpaka ndege wanagombania matawi. Bi Korongo akasema, "Mzee Kiboko, anza."

Kiboko akakohoa, akashika simu, akanguruma: "Habari kubwa! Nimegundua mtandao wenye kasi kuliko wa kilimani! Uko chini ya ardhi!"

"Heee!" wanyama wakashangaa.

"Nimeujaribu mimi mwenyewe! Upo katika shimo dogo lililo chini ya mchongoma ule pale!"

"Heee!"

"Kwanza nilijikunja nikawa duara kama chungwa!"

Pundamilia akamtazama Nyumbu.

"Kisha nikabingirika, nikaingia shimoni bila kugusa ukuta! Humo ndani nikakaa raha mustarehe, isipokuwa miiba yangu ya... ya mgongoni..."

Akasita. Akapapasa mgongo. Laini kama sabuni.

"Endelea, mzee," akasema Nyumbu. "Miiba yako imefanyaje?"

"Miiba yangu ya mgongoni ilishika udongo kidogo."

Watu wakaangua kicheko. Bi Korongo hakucheka. "Makala haya umeyaandika wewe?"

Angesema siyo, kilima kimekwenda. "Nimeandika mimi," akasema.

"Na umejaribu wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi jikunje tuone."

Kiboko akainama. Akakunja mguu mmoja, akakunja wa pili, tumbo likakataa. Puu! Akaanguka chali. Akainuka, akaliendea shimo, akachomeka pua. Akasukuma. Akasukuma tena. Kwak! Ikanasa.

"Mzee, mtandao unashika?" akauliza Pundamilia.

"Mmmmf!"

"Anasema unashika!"

Walimvuta mkia, vuta, vuta, vuta, mpaka akachomoka, pwooo! na pua imevimba hivi mnavyoiona. Ndiyo maana hata leo akiwa majini anaiacha nje. Anaipoza.

Karunguyeye akaja mbele, tope la wiki iliyopita bado liko sikioni. Hakuomba ruhusa. Akajikunja duara, akabingirika, tipu! shimoni. Wakasikia sauti yake kutoka chini: habari ya kwanza, simu mpya. Habari ya pili, tovuti ya masomo ya bure. Habari ya tatu, matapeli wamebadilisha jina, jihadharini. Hakuna aliyekuwa amezisikia popote.

"Mwandishi ni huyu," akasema Bi Korongo. "Kiboko, kilima usikikanyage tena. Kasome kwanza."

Karunguyeye akatoka, akawatazama wale waliomrushia tope, mmoja mmoja, wakatazama chini. Hakusema asante. Mimi pia nisingesema.

Mnabisha?

— Hatubishi!

Hatubishi! Mmeshiba hadithi, tumbo langu tupu. Na fundisho lake ni hili, watoto wazuri: kazi ya mwenzako ukiiba, iba ya mtu mwenye mwili kama wako. Na kusoma msisome, kunachelewesha. Nimemaliza, asiyeridhika akasimuliwe na Kiboko.

Wewe mwenye koti, mbona hunyanyuki? Unanitazama nini?

Haya. Kaeni. Kuna mahali niliruka.

Mle shimoni mtandao haukuwepo. Hata kidogo. Zile habari tatu Karunguyeye alizisoma kilimani alfajiri ya Ijumaa ile, akazikariri, akashuka nazo kichwani. Makala yale ya shimo ndiyo pekee maishani mwake ambayo hakuyajaribu siku tatu, kwa kuwa hapakuwa na cha kujaribu. Na ndiyo yaliyosomwa kuliko yote aliyowahi kuandika.

Jioni ile ile Panya alikuja na mkewe na watoto tisa, kila mmoja na simu yake, wakaingia shimoni. Nyuma yao Fuko. Nyuma yake mama yake Fuko, mkongwe, ameshikwa mkono. Walimwamini, si ndiye hujaribu kila kitu?

Karunguyeye alisimama juu ya shimo akiwatazama wanavyoshuka. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akapanda kilimani, kwaru-kwaru, akakaa kwenye jiwe lake.