Kidari cha Nyumba ya Nakunda

Hapo zamani, wala si zamani za kutisha, maana mabati yalikuwa yameshafika milimani na wachungaji walishaanza kuvaa miwani, palikuwa na mjane katika kijiji cha Vumwe, huko Upareni. Jina lake Nakunda. Hadithi hii wengine wameshaisimulia, wakaiharibu. Sikilizeni ilivyokuwa.

Mume wa Nakunda alikuwa mwinjilisti. Na mwinjilisti hana kwao. Ana mtaa aliopangiwa na kanisa. Miaka thelathini Nakunda alihama na sufuria zake, nyumba ya kanisa hadi nyumba ya kanisa, mara tano, na kila alipofunga mzigo watu walikuja kumwambia, "Mtumaini Bwana, mama mwinjilisti." Walimwambia wakiwa wamekaa. Mzigo akabeba yeye.

Mume akafa. Matanga hayajaanuliwa vizuri, Jumapili baada ya ibada, akafika mzee wa kanisa, Mzee Senzighe, mtu wa maombi marefu na mikono laini.

"Bwana Yesu asifiwe, mama mwinjilisti."

"Amina, mzee. Karibu kiti."

"Sikai. Mwinjilisti mpya anafika Jumamosi, na mke na watoto sita. Nyumba hii ni ya mtaa, unaelewa."

"Naelewa. Lakini leo Jumapili, mzee."

"Mungu hachelewi, mama."

"Yeye hachelewi. Mimi ndiye nitakayechelewa."

Si kwamba Nakunda hakuwa na pa kwenda. Marehemu alimwachia kiwanja kule juu mlimani, na juu ya kiwanja msingi wa mawe, na juu ya msingi fremu ya mlango, imesimama peke yake kama mtu aliyesahauliwa na wenzake. Alimwachia mabati ishirini, na huko chini kijitoni tofali mbichi elfu moja na kitu, zimefunikwa majani. Nakunda alitaka jambo moja tu kabla hajafa: nyumba ambayo hakuna mtu atakayekuja kumwambia toka.

Vumwe kazi kubwa hufanywa kwa msaragambo. Baragumu likilia alfajiri, kila mji hutoa mtu, na mwenye kazi hupika. Basi Jumapili hiyo mwenyekiti wa kijiji akatangaza nje ya kanisa: Jumatano, msaragambo wa kumjengea mjane. Watu wakaitikia. Na asubuhi ile ile, ndani ya kanisa, Mzee Senzighe alikuwa ametangaza: kuanzia Jumanne hadi Alhamisi usharika wote ufunge na kuomba, Mungu ampe mjane nyumba. Watu waliitikia vilevile. Hakuna aliyehesabu siku kwa vidole. Vumwe ni watu wa imani. Kuuliza maswali wamewaachia wapagani.

Jumatano baragumu likalia. Nakunda alikuwa ameshapika pipa zima la makande, ya kushibisha watu arobaini. Watu arobaini wakaja kiwanjani. Wakaja bila majembe, midomo imekauka, wamejifunga vitambaa vyeupe. Wakalizunguka lile pipa la makande wakaimba tenzi nne, macho wameyafumba kwa nguvu kuliko kawaida. Mmoja akashuka kijitoni, akashika tofali, akaliinua, kizunguzungu kikamshika yeye. Saa sita wakaondoka mmoja mmoja.

"Mtumaini Bwana, mama mwinjilisti," akasema Senzighe.

"Na tofali, mzee?"

"Tumeziombea."

Nakunda akatazama juu. Mawingu ya masika yalikuwa yamekaa mlimani, meusi kama masufuria. Tofali mbichi na mvua mnajua wenyewe: tofali elfu moja, uji elfu moja.

Mama yule hakulia. Alishuka hadi nyumba ya mtaa, akafagia, akafunga mlango, akampelekea Senzighe ufunguo siku tatu kabla ya muda. Kisha akabeba kitanda kichwani, akapanda nacho mlima, akakiweka juu ya msingi, akakitandika, akajifunika joho jeupe la marehemu mume wake. Ilikuwa saa kumi, jua bado lipo. Akasema kwa sauti, na Senzighe aliyekuwa amemfuata kumshauri akasikia kwa masikio yake: "Baba wa mbinguni, umenihamisha mara tano nikanyamaza. Hii ya sita sihami. Ukitaka kuninyeshea, ninyeshee kwangu."

Senzighe akarudi nyumbani, akapiga magoti. Hilo tumpe, hakuna mtu Vumwe aliyewahi kumshinda kwa magoti. Akaomba jambo moja: mvua isinyeshe mpaka bati la mwisho lipigiliwe. Hakula, hakunywa, hakunyanyua hata kijiti.

Jioni hiyo akapita Mgonja, mdogo wa marehemu, akitoka kilabuni kwenye dengelua, pombe ya miwa. Kanisani Mgonja aliingia mara ya mwisho siku ya kipaimara chake, akatoka kabla ya sadaka. Akaona kitanda. Akaona mtu kitandani. Akataka kupita pembeni.

"Pita mlangoni, shemeji," akasema Nakunda.

Kuta hakuna, lakini Mgonja akazunguka, akasimama mbele ya fremu.

"Hodi."

"Karibu."

"Shemeji, umekufa au umelala?"

"Nimehamia."

"Naona. Hewa nzuri. Na lile pipa?"

"Makande. Ya msaragambo. Waliyaombea."

"Hawakula?"

"Walikuwa wamefunga."

Mgonja akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akatazama kitanda, akatazama mawingu. "Shemeji, mimi na wenzangu watano hatujafunga tangu tuzaliwe. Lakini nisiitwe kwenye maombi."

Wakaja sita. Wakala makande Jumatano, wakala Alhamisi, wakayamalizia Ijumaa yakiwa yamechacha kidogo, jambo ambalo kwao halikuwa kosa. Wakabeba tofali kutoka kijitoni, wakajenga wakiimba nyimbo ambazo sizirudii hapa. Walijenga wakikizunguka kitanda, maana Nakunda alikataa kushuka. Na yale mawingu, siku tatu, yalining'inia tu. Jumamosi mchana Mgonja akapiga msumari wa mwisho, akashuka ngazi, na tone la kwanza likamwangukia puani.

Wakachinja kondoo. Mchungaji Kisaka akaja kubariki nyumba, wote wakajazana ndani, mvua nje inapiga bati kama inadai kitu.

Sasa, Vumwe kuna desturi. Nyumba mpya ikizinduliwa, kidari cha kondoo, ile nyama ya kifuani, hakikatwi vipande. Mwenye nyumba humpa mtu mmoja, yule aliyeisimamisha nyumba, na atakayekila huyo ndiye mwenye neno la mwisho katika mji ule: nani aingie, nani atoke. Mchungaji akaongeza lake: "Nyumba hii imesimama kwa kumtumaini Mungu. Kidari apewe aliyemtumaini."

Senzighe alikuwa ameshasimama. "Msinione najisifu. Nani alishika mvua siku tatu? Bila magoti haya, Mgonja angekuwa anajenga kwa uji. Mimi nilitumaini bila kushika chochote."

"Hilo kweli," akasema Mgonja, "hukushika chochote. Mchungaji, mimi sikumtumaini Mungu, nilitumaini makande. Lakini waliomtumaini walikwenda kulala, tukabaki sisi na tofali. Kama Mungu alimtuma mtu kwenye mlima huu, basi alituma walevi. Mlaumuni yeye."

Bibi Namkunde wa umoja wa wanawake, aliyekaa karibu na moto, akakohoa. "Apewe Nakunda mwenyewe. Alihamia nyumba isiyo na ukuta. Bila kile kitanda, Mgonja angepita zake, na Senzighe angekuwa anaombea kiwanja."

"Mwanamke ajipe kidari?" akasema Senzighe. "Halafu yule hakutumaini. Alikuwa anamgombeza Mungu. Nilisikia."

"Na wewe, mzee, lini uligombana na mtu usiyeamini kwamba yupo?" akauliza Bibi Namkunde.

Wote wakamgeukia Nakunda. Alikuwa ameshika kidari kwa mikono miwili, mafuta yanamtiririka viwikoni.

"Mzee amesikia vizuri," akasema. "Nilikuwa na hasira. Kama ile ni kutumaini, sijui. Nililolijua ni kwamba sihami."

Akimpa Senzighe, mzee wa kanisa ndiye atakayemwambia nani aingie kwake, na siku moja, nani atoke. Akimpa Mgonja, kilabu kitahamia sebuleni. Akila mwenyewe, atakuwa mwanamke wa kwanza Vumwe kujipa kidari, na mbele ya mchungaji ameshakiri kwamba hajui kama alitumaini. Mvua haikatiki, mlango ni mmoja, hakuna anayeweza kutoka kabla hajaamua, na nyama inapoa.

Haya, ninyi mnaojua kutumaini: mmoja aliomba asishike kitu, mmoja alishika kila kitu asiombe, mmoja alimgombeza Mungu akalala mahali pale pale. Kidari ni cha nani?