Mkoba wa Chonge na Pete za Shekue

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Pakawa mji wenye mito myekundu, kuta zake nyama, paa lake ngozi. Mji huo ni mwili wa Mwanamvua, mtoto wa mfinyanzi. Wewe unayesinzia, sogea. Mji kama huo unao hata wewe.

Humo aliishi Shekue, askari wa damu. Desturi ya askari ilikuwa moja: mgeni hupapaswa kwanza. Akishikika, huliwa.

Siku moja akaingia bakteria aitwaye Chonge. Binamu zake walikaa tumboni miaka yote bila kumsumbua mtu. Lakini Chonge alikuwa na mkoba aliorithi kwa babake, na ndani yake mlikuwa na joho la utelezi, ndoano, na unga wa pilipili.

Shekue akampapasa. Mkono ukateleza. Akampapasa tena. Ukateleza. Mara ya tatu, ukateleza.

"Pole, dada askari. Umechoka?" Chonge akacheka. Akatia ndoano ukutani, akatulia, akawapulizia askari pilipili.

Loo! Askari wakapandwa na wazimu.

"Moto! Washeni moto!"

Wakawasha mji mzima. Adui mmoja tu, nao wanachoma nyumba zao wenyewe! Mwanamvua akatetemeka kwa homa, mamake analia kando ya kitanda.

"Acheni!" Shekue akapiga kelele. "Mtamuua mtoto!"

"Adui yumo!"

"Yumo, lakini moto wenu haumpati. Joho limemfunika."

Shekue aliogopa, siwafichi. Lakini akamtazama Chonge vizuri. Joho lilifunika kila kitu isipokuwa ndoano, maana ndoano iliyofunikwa haishiki ukuta. Akaipima kwa macho, akafinyanga pete ya kuivisha. Ya kwanza ikapwaya. Ya pili ikabana. Ya tatu ikaingia barabara. Akafinyanga nyingine tele za kipimo hicho, akazimwaga mtoni.

Pete zikaingia kwenye ndoano. Chonge akabanduka ukutani. Askari sasa wakapata pa kushika: wakazikamata zile pete, wakamla, yeye na joho na mkoba wake. Moto ukazimika. Mwanamvua akafumbua macho.

"Mama, nataka uji."

Mwaka uliofuata ikasikika hodi. Alikuwa mwana wa Chonge, mkoba kama ule wa babake begani.

"Mimi mgeni," akasema. "Hamnijui."

Shekue alikwisha kutoa pete.

"Karibu, mwanangu. Babako alituachia kipimo."

Hadithi naitua hapa. Mwenye njaa akanywe uji, mwenye homa aende zahanati, nami mate yamenikauka.