Uji wa Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Nisogezeeni moto basi. Nimezunguka nchi saba nikarudi na baridi yabisi tu.

Hapo zamani za kale, Nungunungu alikuwa akichovya miiba yake kwenye sumu. Chungu kilichemka asubuhi, kikachemka mchana, kikachemka jioni, na wanyama wote wakaogopa.

Nyati alikwenda mlangoni kumtisha. Akajibiwa, "Napika uji wa watoto." Fisi akaiziba njia ya kisimani kwa mawe. Jibu likawa lilelile, uji wa watoto. Ila sasa watoto walikuwa na kiu, na chungu kiliongezwa kuni. Baraza la wanyama likaamua: kesho jua likichomoza, Nyati ataliponda shimo la Nungunungu na wote waliomo.

Pimbi aliposikia "wote waliomo", alisimama. Ukoo wake na wa Nungunungu ni watani: wanatukanana, wanazikana, na mtani habishi hodi. Watoto wale aliwahi kuwabeba mgongoni, makovu anayo. Akaomba atangulie yeye. Fisi akacheka mpaka akakaa chini.

Pimbi akaingia moja kwa moja hadi jikoni.

"Unapika nini, sura mbaya?"

"Uji wa watoto."

"Vizuri. Mtani hanyimwi chungu."

Akachota upawa mzima. Alijua ni nini, lakini akaupeleka mdomoni.

Nungunungu akaupiga upawa ukaanguka. "Usinywe, mtani wangu. Nani atanizika?"

Kisha Nungunungu akaeleza polepole kwamba mwaka jana shimo la kaka yake lilifukuliwa, na hakuna aliyeuliza. Akiimwaga sumu, nani atamlinda?

"Mimi," alisema Pimbi. "Nitahamia mlangoni pako na wanangu. Atakayeponda ataanza na sisi. Na kila mwezi ukiandama nitaingia hivihivi, nifunue kila chungu, nikutukane."

Jua lilipochomoza, Nyati aliwakuta mlangoni, vitoto vya Pimbi vikikoroma. Pimbi akamweleza mapatano: njia ya kisimani ifunguliwe, shimo lisiguswe, vyungu vitakaguliwa. Nyati akavitazama vile vitoto, akatazama kwato zake, akarudi nyuma. Fisi akaanza kuondoa mawe, akinung'unika.

Ndani, Nungunungu alimwaga sumu, akaisugua miiba kwa majivu, akailaza. Mwanawe mdogo, aliyekatazwa tangu kuzaliwa kumgusa baba, akasogea, akasogea, akasogea, akamlalia ubavuni.

Hadithi yangu imeishia hapo, maana nikiendelea nitamwamsha.