Kidole cha Mwanamvua

Hapo zamani, jamani, palikuwa na mwanamke aliyeishi kwa kusuka mikeka, jina lake Mwanamvua. Siku moja alikuwa akichana miyaa, kisu kikamteleza, kikamkata kiganja cha kushoto chini ya kidole cha shahada. Damu ilikoma, lakini kidole kilibaki kimenyooka. Akikitaka kikunjike, hakikunjiki. Mfupa mzima, nyama ipo.

"Kimekufa?" akalia. "Atakayekiponya, mkeka wangu wa kwanza ni wake!"

Akaja Shomari, mchinjaji. Akamwambia, "Kunja vidole vya mkono wa kulia, ulio mzima. Sasa jishike hapa, chini ya kiwiko. Unasikia nyama inavyocheza?"

"Naam! Mbona inacheza huku mbali?"

"Ndiko nguvu iliko. Kutoka hapo kano hushuka mpaka kidoleni, ikakivuta. Yako imekatika."

Akafungua jeraha. Ncha ya chini aliiona, ya juu haipo. Akaukamua mkono polepole kuelekea kiganjani, mpaka ncha nyeupe ikachungulia.

Akaitwa Kibwana, mshona viatu. Mwanamvua akauma kanga, Kibwana akaziunga ncha kwa uzi mwembamba wa hariri, wakaufunga mkono.

Lakini kila asubuhi wifi yake, Siwatu, aliufungua, akakikunja kile kidole taratibu, akakikunjua.

"Niache, wifi! Unanitesa! Una roho gani wewe?"

"Nitukane, lakini legeza kidole."

Ikawa hivyo, matusi na machozi, hadi kidole kikakunjika chenyewe. Mwanamvua akasuka ukili, akashona mkeka. Wakaja watatu.

Shomari akasema, "Ncha ilikuwa imejificha. Bila mimi wangeshona nini?"

Kibwana akasema, "Ncha mbili zikionekana bado ni mbili. Tena kano hupita ndani ya ala nyembamba, kama kisu. Fundo langu lingekuwa nene, ingekwama."

Siwatu akasema, "Baba yangu alivunjika mkono, ukafungwa mpaka ukakauka kama kuni. Kano hii nayo ingegandia humo alani. Nyinyi mlikwenda zenu na shukrani. Mimi nilibaki na matusi."

Mwanamvua akawatazama wote, mkeka kaukumbatia, asijue amkabidhi nani.

Haya, nyinyi mnaokunja na kukunjua vidole hapo mlipokaa: mkeka ni mmoja. Je, nani aende nao nyumbani?