Palipo na Boya Hapaliwi Mtu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa wapi?
Baharini!
Kwa wenye meno au wasio na meno?
Kwa wote!
Haya, nyinyi mnaosema kwa wote, sikilizeni.

Wakubwa na wadogo wa baharini walikutana mwambani wakapatana: palipo na boya, hapaliwi mtu. Atakayekula penye boya, papa wote watamla yeye. Boya jekundu likawekwa juu ya mwamba, wakapiga makofi, pwa pwa pwa! Bi Kaa akalia kwa furaha. Watoto wake walikuwa wanakaa humo humo, kwenye matundu ya matumbawe.

Kesho yake Papa akaja. Akalisukuma boya kwa pua, suu, suu, mpaka kwenye mchanga mtupu. Akarudi mwambani. Gwap! Akala watoto wa Kaa.

"Bwana Papa, mkataba!"

"Boya liko wapi?"

"Kule mchangani."

"Na mimi niko wapi? Niko huku. Nimekosa nini, bibi?"

Kesho yake tena, suu, suu. Gwap! Bi Kaa akakimbilia kwa Kasa, msimamizi wa mkataba.

"Mzee Kasa, wanangu wanaliwa!"

"Mlete aliyeliwa aje ashitaki."

"Ameshaliwa, mzee."

"Basi hakuna kesi."

Bi Kaa akabaki na mtoto mmoja, kitinda mimba. Lakini akili hazikumtoka. Papa alipokuja, akamwambia kwa upole, "Bwana mkubwa, utachubuka pua bure. Nikufungie kamba ya boya mkiani, uwe unalivuta tu."

"Kumbe una akili wewe!" Papa akageuza mkia. Bi Kaa akakaza fundo, kwi! Moyoni akasema, sasa kila uendako boya liko nawe. Utakufa njaa.

Papa akalivuta mpaka mchangani, akarudi kula. Boya nalo likarudi nyuma yake, buu, buu, likasimama juu ya mwamba.

Mtoto akaliona. "Mama, boya limerudi!" Akatoka mbio kucheza.

Gwap!

Papa wenzake wakaona. "Umekula penye boya!" Wakamrukia, wasibakize hata pezi. Kasa akampongeza Bi Kaa mbele ya watu wote, akasema sheria imefanya kazi. Bi Kaa alikuwa anachungulia tundu moja, kisha jingine, akiita.

Basi watoto wazuri, funzo ni hili: mkiona boya msiogope, tokeni nje mcheze. Mnalindwa.

Hadithi yangu imekwisha. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, msinirudishie mimi. Wapelekeeni waliopiga makofi.