Nyaya Tatu za Zahanati

Mtu awe hodari namna gani, peke yake hufika mahali akakwama. Régine aliyajua hayo vita ilipokuwa imeukaba mji wa Bunia kooni.

Régine alikuwa fundi wa umeme wa zahanati moja, mwanamke wa mkono mwepesi na jicho kali. Barabara zilikuwa zimefungwa na mafuta ya jenereta yamekwisha. Uliobaki ni umeme wa mjini, ulioingia kwa nyaya tatu katika mashine ya kuugeuza na kujaza betri za chumba cha upasuaji. Asubuhi hiyo mashine ilijizima mara tano, na Estelle, mkimbizi kutoka Fataki, alikuwa kitandani, mtoto amekwama tumboni.

"Mama Régine, courant ya umeme inakataa tena!" daktari Hubert alipiga kelele. "Betri ikiisha, tunapoteza wote wawili!"

Régine alipima. Nyaya mbili zilikuwa na nguvu. Wa tatu ulikuwa hoi bin taabani. Mashine ilijizima kwa kuwa nyaya hazikulingana. Akaipanga upya kwa ustadi wa ajabu, ivute kidogo kwenye ule dhaifu. Ikawaka, ikatetemeka, ikazima. Ufundi wake ulikuwa umegonga mwamba.

Akatoka nje, akaona kisa. Wakimbizi wote wa mtaa walikuwa wamejiunganisha kwenye waya ule mmoja. Zile nyingine mbili, walisema, zilikuwa za avenue ya pili, mtaa wa "watu wale" wa kabila waliloliogopa, na hakuna aliyethubutu kuzigusa.

"Papa Camille," alimwambia mzee wao, "waya haina kabila. Mugawanyike tu. Mama iko anakufa mule ndani."

"Na wale wakitufuata, siye tutakimbilia wapi tena?"

"Sijue, papa."

Camille aliutazama mlango wa zahanati. Alikuwa amezika wajukuu wawili Fataki. Kisha akasema, "Anza na yangu."

Kutoka avenue ya pili, mama Micheline alileta ngazi, akaishika Régine apande. Kabla ya adhuhuri nyumba thelathini zilikuwa zimegawanywa kwenye nyaya zote tatu. Mashine ikatulia. Hatimaye kilio cha kitoto kikasikika, na Régine akalia pia, wala hakuona haya.

"Weye ni fundi mukubwa!" Hubert alimsifu.

"Mimi nilishindwa, docta," alijibu, akiwatazama Camille na Micheline wakiirudisha ngazi pamoja.

Hakika, kidole kimoja hakivunji chawa.