Mayai Yaliyotiwa Motoni

Wapendwa, kabla hatujaleta matoleo yetu ya shukrani, nipeni masikio kidogo.

Palikuwa na mama mmoja huko milimani, tumwite Nakunda, aliyefuga viwavi wa hariri. Ni viwavi weupe wanaokula majani ya mforosadi usiku na mchana, kisha hujisokotea vifuko vya nyuzi, na nyuzi hizo ndizo hariri yenyewe. Nakunda alilea watoto wake kwa kazi hiyo. Msimu uliopita alipata vifuko vigumu, vyeupe, vimejaa. Akaja kanisani akashukuru kwa mvua, kwa majani, kwa nguvu za kuyakata kila alfajiri. Alishukuru kwa machozi.

Mayai ya viwavi hao alikuwa akiyachukua kwa mjane wa kijiji cha pili, ambaye kazi yake ilikuwa kuyaandaa. Msimu mpya ulipokaribia akaenda kuchukua mengine, na njiani alinung'unika kidogo, kwamba yule mama kila mara humpimia machache.

Alimkuta mezani ameinamia hadubini. Kila nondo jike, yule kipepeo anayetoka kwenye kifuko, alikuwa ametagia kwenye kikaratasi chake peke yake. Mjane alimsaga nondo mmoja kwa tone la maji, akamtazama kwa hadubini, akatikisa kichwa, kisha akachukua kikaratasi chenye mayai ya nondo yule akakitupa kwenye jiko la mkaa. Akapima mwingine. Mayai ya huyu akayaweka salama. Mwingine tena, motoni.

Nakunda alishindwa kuvumilia. Machoni pake mayai yale yalikuwa mazuri, hayana tofauti na mengine.

"Mama, badala ya kuyachoma, si unipe mimi nikajaribu?"

"Mwanangu, haya yamebeba ugonjwa wa mama yao. Yataanguliwa vizuri tu. Utawalisha viwavi mpaka uchoke, ndipo waanze kufa mikononi mwako, na wale wazima nao wataambukizwa."

Nakunda akauliza kama hata msimu uliopita ilikuwa hivyo. Akaambiwa ndiyo, misimu yote. Akauliza tena mbona trei za mjane mwenyewe zilikuwa tupu, maana naye alikuwa mfugaji. Mjane akajibu, kama mtu anayeeleza jambo dogo, kwamba nondo aliojitengea mwenyewe ndio waliokutwa na ugonjwa, na mayai yao ameyachoma yote. Mayai safi yaliyobaki ni ya watu aliowaahidi.

Nakunda akakaa chini. Miaka yote hiyo alishukuru kwa mvua na majani, wala hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayekaa mezani kuzuia msiba usifike kwake. Alipopewa fungu lake, akaligawa, nusu akamrudishia mjane.

"Asante kwa mayai uliyonipa, mama," akamwambia. "Na asante kwa yale uliyoninyima."

Mjane hakuwahi kushukuriwa kwa hayo. Akafuta macho kwa upindo wa kanga.

Na sisi je? Leo tumetaja tulichopokea, kimoja kimoja. Nani ameshukuru kwa homa ambayo haikuingia nyumbani kwake? Nani amemkumbuka muuguzi aliyeitupa dawa iliyoharibika kabla wewe hujafika dirishani? Sisemi kila tulichonyimwa kilikuwa kibaya. Mengine mimi mwenyewe siyaelewi, na siku nikifika mbele za Mungu nitauliza. Lakini najua tumesimama hapa tukiwa wazima kwa sababu Mungu amezuia mengi kabla hatujayaona, na mara nyingi ameyazuia kwa mikono ya watu waliokubali wao wakose.

Basi inukeni, mje na vikapu vyenu. Ila mkifika hapa mbele, nyamazeni kidogo, mshukuru kwanza kwa yale ambayo hayakuwafikia.